Dawa ya pua, kidonge cha lehemu, na dawa ya tatu ambayo haikutajwa

Mwalimu ameniruhusu nisimulie yaliyompata mradi jina lake lisitokee. Sharti hilo halikunipa shida, maana habari yenyewe si ya mtu mmoja. Kila kiangazi kikiingia hapa Tabora, dirishani kwetu famasi wanakuja watu wa aina yake: mtu mzima, ana kidonge cha presha asubuhi na cha lehemu usiku, halafu vumbi la Juni likianza anaongeza dawa ya kupuliza puani. Baadaye mwili ukileta matata, lawama zote zinakiangukia kichupa cha pua kwa sababu ndicho kipya. Kwa Mwalimu kulikuwa na kipya zaidi, ila hakuna aliyekiulizia.

Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi, ili ulinganishe na lako.

Mambo yalianza Machi. Mwalimu ni mstaafu, anaishi Ng'ambo na ana shamba la tumbaku upande wa Sikonge. Presha alikuwa nayo siku nyingi, anameza amlodipine ya miligramu 5, na kama wengi wa rika lake alikuwa pia na aspirini ndogo ya miligramu 75. Kipimo cha mafuta kilipotoka, LDL, yaani ile lehemu mbaya inayojijenga kwenye kuta za mishipa, ilisoma 4.7 kwa kipimo cha mmol/L kinachotumika kwenye maabara zetu. Akaandikiwa simvastatin, mojawapo ya dawa za lehemu ziitwazo statini, miligramu 20 kila usiku.

Hiyo 20 haikuandikwa kwa kubahatisha. Amlodipine huichelewesha kidogo simvastatin isivunjwe mwilini, kwa hiyo anayetumia zote mbili hatakiwi kuzidisha miligramu 20 za simvastatin kwa siku. Nikiona cheti chenye amlodipine na simvastatin 40 pamoja, sitoi dawa kabla sijampigia simu aliyekiandika. Usiku nao una sababu yake: ini hutengeneza kolesteroli, ndiyo hiyo lehemu, zaidi usiku, na simvastatin haidumu sana mwilini. Anayetumia atorvastatin au rosuvastatin, statini nyingine, anaweza kumeza saa yoyote, bora iwe ileile kila siku. Kuhusu chakula sikai sana. Mawese yanayoshuka kwenye treni kutoka Kigoma hayana kolesteroli hata chembe, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL, na Mwalimu alikuwa anayamwaga kwenye kila mboga.

Miezi mitatu ikapita kwa amani. Ikaja Juni, wakati wa kuchambua tumbaku. Majani yaliyokaushwa kwenye mabani yanapangwa kwa madaraja ndani ya stoo iliyofungwa madirisha, na kila fungu likiinuliwa unga mwembamba unapanda hadi usoni. Hapo hujaweka vumbi jekundu la barabarani wala moshi wa mashamba yanayochomwa. Mwalimu akaanza chafya za mfululizo kila asubuhi, macho yanawasha, pua zinatiririka maji mchana na kuziba usiku hadi anahemea mdomo. Homa hana, kamasi halina rangi, mwili hauumi. Mafua ya virusi kwa kawaida hupita ndani ya wiki moja au mbili. Yake yaliingia mwezi. Hayo ni mafua ya mzio, wengi tunayaita aleji.

Dukani alikopita kwanza alipewa matone ya xylometazoline ya asilimia 0.1. Dawa hii hubana mishipa ya damu ndani ya pua, nyama iliyovimba inanywea, na baada ya dakika chache mtu anavuta hewa mpaka anacheka. Ubaya wake ni kwamba mishipa inaizoea upesi. Boksi nyingi zimeandikwa usizidishe siku tano hadi saba, na za oxymetazoline, ndugu yake, huandikwa siku tatu. Mimi kwa wateja wangu wote nasema siku tatu, zikizidi sana tano. Ukipita hapo, kila dawa inapoisha nguvu pua inaziba zaidi ya ilivyoziba mwanzo, unaongeza tone, inaziba tena, na sasa unatibu dawa badala ya kutibu aleji.

Alipofika kwetu Julai hakuja kutafuta ushauri.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nipe kichupa kingine cha hiki, kimeisha tena."

Nikakiomba nikitazame. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa kukaa kwenye mfuko wa shati, na mdomoni kulikuwa na ukoko wa njano wa kamasi kavu. Nikamuuliza anakitumia mara ngapi kwa siku. Akasema hahesabu, kila pua ikiziba. Tukampima presha: 168 kwa 96, wakati kadi yake ya kliniki ya mwezi Mei ilionyesha 138 kwa 84. Dawa za kuzibua pua haziishii puani. Sehemu inayoingia kwenye damu hubana mishipa kwingine pia, na mtu mwenye lehemu nyingi mara nyingi ana presha au moyo wa kuangalia, kwa hiyo hapa ndipo hatari halisi ya dawa za pua ilipo kwa watu hawa. Matone ya ephedrine yamo kwenye kundi hilohilo. Vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine ni vibaya zaidi kwa mwenye presha, maana hivyo vinamezwa na kuingia mwilini vyote. Na kama nyumbani kuna watoto, kichupa kifichwe: mtoto akiyanywa matone haya anaweza kulala usingizi mzito na pumzi ikapungua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Kuacha matone ghafla ni mateso, wengi hurudia usiku wa kwanza tu. Njia inayowezekana ni kuacha tundu moja la pua kwanza. La kulia linaachwa kabisa, la kushoto linaendelea kupata tone la usiku, ili mtu awe na upande mmoja wa kuhemea. La kulia likishafunguka lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, na la kushoto linaachwa. Mito miwili kichwani husaidia. Wakati huohuo inaanzishwa dawa ambayo kweli inatibu mzio, yaani steroidi ya kupuliza, dawa inayotuliza uvimbe ndani ya pua.

Mwalimu alipata fluticasone propionate, yenye mikrogramu 50 kwa kila mpulizo. Nyingine za jamii hiyo ni mometasone, budesonide na beclomethasone. Bei ya chupa moja ni mara kadhaa ya kile kichupa cha matone, na hapo watu hukunja uso. Ndiyo maana hesabu huwa naipiga mbele ya mteja. Chupa ya mipulizo 120, mtu mzima akipuliza mara mbili kila tundu asubuhi, inakwisha siku ya 30. Pua zikishatulia anashuka hadi mpulizo mmoja kila tundu, na chupa ileile inaenda siku 60. Kinachoua bajeti ni kupuliza vibaya: nusu ya dawa inamezwa, mtu anasema haifanyi kazi, ananunua nyingine.

Nikamwambia anionyeshe anavyopuliza. Akainua kichwa akatazama dari, akaingiza ncha wima, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka ikasikika mlio. Kisha akakunja uso: "Chungu kooni." Hapo dawa yote ilikuwa imepita pua ikatua kooni.

Tukaanza upya. Chupa mpya unaitikisa, halafu unabonyeza hewani mpaka utoke ukungu mwembamba usio na matone. Kwa fluticasone ni kama mara 6, kwa mometasone mara 10. Usipofanya hivyo mipulizo yako ya kwanza ni hewa tupu. Penga kamasi taratibu kwanza. Kichwa kiinamishe mbele kidogo, kama unatazama vidole vya miguu yako. Mkono wa kulia ndio unaoshughulikia tundu la kushoto, na wa kushoto tundu la kulia, kwa sababu mkono uliovuka namna hiyo unaielekeza ncha nje, upande wa sikio, mbali na ule ukuta wa katikati ya pua. Ncha iingie kidogo tu. Bonyeza huku ukivuta pumzi polepole, pumzi ya kawaida. Toa pumzi kwa mdomo. Ukisikia dawa kooni, ulivuta kwa nguvu mno. Usipenge kamasi kwa robo saa hivi.

Habari ya ukuta wa katikati naisisitiza sana, kwa sababu hapo mishipa ya damu iko juujuu, na steroidi ikipigwa hapo kila siku ngozi inakonda na damu inatoka. Mwalimu anameza aspirini, kwa hiyo damu ikianza haikatiki upesi. Ukiona damu, pumzika siku mbili tatu na urekebishe mkono kabla ya kurudia. Ikitoka tena na tena, au ukihisi kidonda au upepo unapiga mluzi ndani ya pua, nenda ukatazamwe. Mwenye glakoma au mtoto wa jicho naye amwambie daktari mapema kwamba anapuliza steroidi. Ncha ioshwe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki na kukaushwa. Usiitoboe kwa pini: tundu likipanuka kipimo chote kimeharibika.

Kitu kimoja kilibaki, nacho watu huona aibu kukisema. Nikamuuliza kama ananusa ugoro. Akacheka, akasema kidogo, jioni, na wazee wenzake. Ugoro ni tumbaku ya unga, na tumbaku ndiyo iliyompeleka huko. Hakuna steroidi itakayoshindana na hicho.

Kabla ya kupuliza asubuhi alianza kusafisha pua kwa maji ya chumvi, jambo ambalo halina gharama yoyote ya maana. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda, ile ya kuumulia, kwenye kama nusu lita na kidogo ya maji. Chumvi ya Uvinza inafaa. Ikikuwasha kwa sababu ya madini joto, punguza kidogo. Maji ni lazima yawe yamechemka kabisa na kupoa siku hiyohiyo. Ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa ni ya hatari yakipandishwa juu puani, hata kama tumbo lako limeyazoea. Subiri dakika kumi pua zikauke, ndipo upulize dawa.

Nilimwonya pia kwamba fluticasone haina haraka. Nafuu ya kwanza huja ndani ya siku chache, kamili huchukua hadi wiki mbili, na inafanya kazi kwa mtu anayepuliza kila siku. Mwisho wa Julai matone yalikuwa yameachwa na presha imerudi 140 kwa 86.

Agosti akaja na swali. Mstaafu mwenzake alikuwa amemwambia kwamba steroidi hupandisha lehemu, sukari na presha, kwa hiyo anachopuliza asubuhi kinaharibu anachomeza usiku. Na kwenye karatasi ya ndani ya boksi alikuwa amesoma mwenyewe habari za dawa "zinazoingiliana". Mwalimu husoma karatasi hizo na kalamu nyekundu mkononi, amezoea kusahihisha.

Mwenzake hakusema uongo, alichanganya vitu. Prednisolone, steroidi ya vidonge, ikimezwa kwa muda mrefu inapandisha vyote hivyo. Na zile sindano za aleji ambazo watu huchomwa mara moja kisha wanakaa wiki kadhaa bila chafya, nyingi ni steroidi iliyotengenezwa itoke polepole, na mwili mzima unaipata. Mwenye kisukari, presha au lehemu asikubali sindano hiyo kirahisi kwa ajili ya mafua tu. Dawa ya kupuliza ni habari nyingine. Mipulizo minne ya fluticasone ni mikrogramu 200, na inayofika kwenye damu haifiki asilimia 2, yaani chini ya mikrogramu 4. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Hata ukikumbuka kwamba fluticasone ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, bado ni mbali mno. Mometasone nayo huingia chini ya asilimia 1. Budesonide na beclomethasone huingia zaidi, kati ya theluthi na karibu nusu, lakini kwa dozi ya kawaida ya pua bado ni kiasi kidogo.

Sasa kuhusu kuingiliana. Simvastatin na atorvastatin huvunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4, kilichomo kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo. Fluticasone, mometasone na budesonide huvunjwa na hichohicho. Ukiona hivyo kwenye karatasi unaweza kudhani zinagombana, kumbe ni kama abiria wawili waliopanga foleni kwenye dirisha moja la tiketi pale stesheni: wote wanahudumiwa. Balaa ni yule wa tatu anayekuja na kulifunga dirisha. Kwa hiyo jibu nililompa Mwalimu lilikuwa fupi: puliza asubuhi, meza usiku, hakuna haja ya kuachanisha saa wala kupunguza chochote. Vidonge vya cetirizine au loratadine navyo havina ugomvi na statini. Piriton haina ugomvi pia, ila inalevya usingizi, na mzee anayeamka usiku kwenda haja anaweza kuanguka.

Wa tatu anayefunga dirisha anaweza kuwa dawa ambayo mtu haisemi hadharani. Anayetumia ARV zenye ritonavir, ambazo ni za mstari wa pili kama atazanavir au lopinavir zilizoongezewa nguvu, hatakiwi kabisa kuchanganya na simvastatin. Na fluticasone au budesonide ya kupuliza, ile ile niliyoisema haina shida, kwake hujilimbikiza mpaka uso unavimba, sukari na presha zinapanda, na akiiacha ghafla anaishiwa nguvu, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza steroidi ya asili. Kwake beclomethasone ndiyo inayochaguliwa. Walio kwenye dolutegravir ya mstari wa kwanza hawana tatizo hili. Kwa vile wengi huhamishia vidonge hivyo kwenye kopo lisilo na jina, sisi tunaouza tuna wajibu wa kumvuta mteja pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, tukimweleza sababu ya kuuliza. Swali hilo huwezi kuliuliza mbele ya foleni ukategemea jibu la kweli.

Septemba, mapaja yakaanza.

Mwalimu alidhani ni kazi ya shamba, baadaye akaamua ni ile dawa ya pua. Akaiacha mwenyewe. Wiki ikapita, chafya zimerudi na mapaja yanauma zaidi. Alipokuja alikuwa na hasira kidogo, na alikuwa na haki nayo, maana mimi ndiye niliyemwambia puliza usiogope. Nikamuuliza maswali ambayo mtu yeyote anayemeza statini anapaswa kujiuliza. Ni upande mmoja au yote miwili? Yote miwili, na mabega pia. Ni maumivu tu au nguvu zimepungua? Hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Mkojo una rangi gani? Akafikiri. Tangu juzi umekuwa mweusi, rangi ya chai isiyo na maziwa.

Nikamwomba amtume kijana wake na bodaboda akalete dawa zote zilizoko nyumbani, hata zile asizodhani ni dawa. Ukaja mfuko wa kitambaa, tukaumwaga juu ya kaunta. Amlodipine. Simvastatin. Aspirini. Fluticasone. Piriton kwenye bahasha iliyoandikwa "1x3" bila jina la dawa. Vidonge vya magnesium vya kiungulia. Na boksi moja refu lenye kadi za siku 14, kila kadi ina dawa za asubuhi na za jioni. Kadi kumi zilikuwa tupu.

"Mwalimu, hili mbona hukulitaja?"

"Hizo si za vidonda vya tumbo mwanangu? Zinahusiana nini na mafuta?"

Kila kadi ilikuwa na clarithromycin ya miligramu 500 mara mbili kwa siku, pamoja na amoxicillin na dawa ya kupunguza asidi. Ni tiba sahihi ya bakteria wa vidonda vya tumbo, na tumbo lake lilikuwa linaihitaji. Lakini clarithromycin ndiyo inayofunga dirisha. Simvastatin ya kila usiku ikawa haivunjwi, inajirundika mara nyingi zaidi ya kawaida, na misuli inaanza kumeng'enyuka. Protini inayotoka kwenye misuli ndiyo inayoutia mkojo rangi, na ndiyo inayoziba figo. Amlodipine nayo ilikuwa imepanda: vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na alikiri kwamba akisimama anaona kizunguzungu. Aliyemuuzia vile vidonge hakumuuliza anatumia nini kingine, naye hakuona sababu ya kusema.

Alikwenda hospitali mchana uleule, na simvastatin ya usiku huo haikumezwa. Kipimo kinachotakiwa hapo ni CK, kinachoonyesha misuli imevunjika kiasi gani, pamoja na kreatinini na potasiamu kwa ajili ya figo na moyo. CK haipimwi kila maabara, kwa hiyo piga simu uulize kabla ya kuzunguka mjini na miguu isiyobeba. Yake ilizidi mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida, kreatinini ilikuwa imepanda kidogo. Akalazwa, akapewa maji mengi ya mshipa, na daktari akaamua namna ya kuimaliza tiba ya tumbo. Figo zikarudi. Mapaja yalichukua wiki kadhaa. Gharama ya kitanda, vipimo na maji ilizidi kwa mbali kila alichowahi kulipa kwa ajili ya pua, na mwaka huo marobota yake ya tumbaku yalifungwa na watu wa kukodi.

Kilichotakiwa kufanywa ni kidogo sana. Anayeanza clarithromycin, na erythromycin pia, au vidonge vya ketoconazole na itraconazole vya fangasi, anasimamisha simvastatin kwa muda wote wa dozi, na anairudia siku chache baada ya kumaliza, kwa maelekezo ya aliyemwandikia. Wiki mbili bila statini haziharibu kazi ya miaka. Kwa atorvastatin, daktari anaweza kuisimamisha au kuishusha isizidi miligramu 20. Vidonge vya fluconazole navyo vinataka tahadhari. Azithromycin haifungi kimeng'enya hiki. Krimu na shampuu za fangasi hazihusiki. Na katika matunda, balungi ndilo la kuachana nalo ukiwa kwenye simvastatin. Machungwa yetu ya kawaida kula.

Niseme na upande wa pili, maana nikinyamaza hapa watu watatupa statini zao kesho. Si kila maumivu ya misuli yanatoka kwenye kidonge cha lehemu. Aliyelima jana, mwenye malaria, mwenye mgongo wa siku zote, hao wana sababu nyingine. Ya statini huwa pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, nyonga na mabega, na mara nyingi huja baada ya kuanza dawa, kuongezewa dozi, au kuongezwa dawa nyingine juu yake. Mkojo ukibadilika rangi hakuna cha kusubiri Jumatatu.

CK iliposhuka na miguu ikarudi, daktari alimwanzishia rosuvastatin, miligramu 5 kwanza, baadaye 10. Hii haitegemei CYP3A4, kwa hiyo wengi wa wafunga dirisha hawaigusi sana, ingawa ritonavir huipandisha kwa njia nyingine. Ina masharti yake pia: dawa za kiungulia zenye magnesium na aluminium huipunguza nguvu, ndiyo maana zile za Mwalimu zikahamishwa, zinamezwa angalau saa mbili baada ya rosuvastatin. Fluticasone alirudia wiki hiyohiyo. Chupa ilikuwa imelala zaidi ya siku saba, kwa hiyo alibonyeza tena hewani kabla ya kupuliza. Aliendelea nayo mpaka mvua za Novemba zilipotuliza vumbi, akaacha. Februari LDL ilisoma 2.5.

Sasa nyuma ya kadi yake ya kliniki ameandika kwa mwandiko wa ubaoni kila anachotumia, nguvu yake na saa yake: vidonge, cha pua, hata magnesium. Anaitoa kabla hajaulizwa, popote anaponunua dawa.

Msimu huu ameanza kupuliza wiki mbili kabla ya stoo kufunguliwa, madirisha yanabaki wazi, na anavaa barakoa wakati wa kuchambua. Alikuja na ile chupa ya mwaka jana akitaka aimalizie kwanza, kwa sababu ukitikisa bado inasikika maji na ukibonyeza ukungu unatoka. Tukahesabu siku alizotumia: mipulizo 120 ilikwishapita. Baada ya hapo chupa inatoa kitu, ila haijulikani ni dawa kiasi gani. Tukaitupa, akalipia mpya.